Mikono ya Shedrack

Rozina alikuwa na tabia moja ambayo watu wa kijiji cha Kaoze, bonde la Rukwa, walishaizoea: hakuweza kuwasalimia wakubwa akawaacha wadogo. Hata mtoto akiwa amelala mgongoni kwa mama yake, Rozina atazunguka mpaka ampate, amshike mikono yote miwili, amwambie, "Umeamkaje, mzee?" na asubiri kidogo kama mtu anayetegemea kujibiwa. Alikuwa mjane wa Kifipa, ndoa ndiyo iliyomshusha bondeni kutoka juu uwandani, na mumewe alipofariki hakuona sababu ya kupanda tena. Alibaki na shamba lake la mahindi, rozari yake shingoni, na majirani wapya, Kashinje na mkewe Minza, Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka Maswa. Mtoto wao Shedrack alishikwa mikono na Rozina kila asubuhi tangu siku alipotolewa nje.

Kwa hiyo mikono hiyo ilipovimba, wapo waliojua mapema pa kutazama.

Ilivimba yote miwili kwa mpigo, mgongo wa kiganja ukawa umetuna na vidole vimekakamaa, na mtoto akalia kilio ambacho hata ziwa la mama halikukizima. Minza alimbeba mpaka zahanati ya kijiji cha pili. Pale mhudumu aliona nyuzi nyeusi alizofungwa mtoto kwenye vifundo vya mikono, kinga ya kwao ya tangu kuzaliwa, na baada ya kuziona hakutafuta kitu kingine. Akachukua mkasi, akazikata, akazitupa kwenye ndoo ya takataka. Alisema kwa sauti ya kusikika foleni nzima kwamba watu wa ng'ombe wanamfunga mtoto kama ndama halafu wanashangaa amevimba. Wanawake kwenye benchi walicheka. Minza alipokea vidonge vya maumivu kwa mikono miwili, akasema asante, akaondoka na aibu yake.

Na uvimbe ulishuka. Hilo ndilo lililomharibia kila mtu, maana mhudumu akaonekana amepatia, na Minza akajiona ndiye aliyemtesa mwanawe kwa mkono wake. Kashinje yeye aliona kinyume. Aliona mtoto sasa ameachwa wazi, kinga imetupwa jalalani, na balaa likirudi litaingia bila hodi. Kashinje hakuwa mtu mbaya, nisije nikaeleweka vibaya. Alikuwa mtu aliyekwisha kuzika mtoto mmoja huko Maswa, na mtu wa namna hiyo haogopi kwa kipimo.

Balaa likarudi kweli, safari hii miguuni. Kashinje hakungoja. Alimchagua mtamba mmoja zizini, akaenda naye kwa mganga upande wa ziwani.

Rozina alikuja asubuhi kusalimia kama kawaida yake, akamkuta Shedrack mapajani mwa mama yake, miguu imetuna, midomo imepauka, macho yana umanjano. Alimtazama kwa muda mrefu, halafu akauliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiuliza.

"Miguuni mlimfunga nini?"

"Hatukumfunga kitu, mama."

"Basi haikuwa kamba," alisema Rozina. "Yule bwana alikosea. Jiandae, mwanangu, twende hospitali mjini. Nina binti huko huko mjini, mtaa wa Chanji, tutalala kwake."

Minza alisita. Mume hayupo, na kuondoka bila ruhusa yake halikuwa jambo dogo. Lakini mtoto alikuwa hana hata nguvu ya kulia, na hilo lilimtisha kuliko mume.

*

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye lori anashuka bondeni kununua mpunga bila kupangiwa bei na ushirika, kwa hiyo usafiri haukuwa taabu kama zamani. Walipanda juu ya magunia, lori likanguruma kwenye kona za mlima, na walipofika juu baridi ya Ufipa iliwapokea. Rozina alivua sweta lake la mtumba, akamfunika mtoto, yeye akabaki na khanga moja mabegani huku akisema baridi ya kwao haiwezi kumdhuru, inamjua.

Hospitalini walimkuta daktari mmoja aitwaye Flavian, mwembamba, mpole wa maneno. Alivuta chini kope la mtoto akatazama wekundu ambao haukuwepo. Alibonyeza tumbo upande wa kushoto, akapapasa miguu, akauliza kama mikono nayo iliwahi kuvimba. Minza aliinamisha kichwa, akaanza kujitetea juu ya zile nyuzi. Daktari akamwambia nyuzi hazina kosa, yeye anauliza mikono tu. Halafu akauliza kama kuna mtoto mwingine.

"Alikuwepo wa kwanza, huko kwetu Maswa. Alifariki."

"Alikuwa anaumwa nini?"

Minza alifikiri. Ni swali ambalo hakuwahi kuulizwa na mtu. Akasema mtoto yule alikuwa na homa za mara kwa mara, na kabla hajaanza kutembea mikono yake ilivimba. Aliposikia neno hilo likitoka kinywani mwake mwenyewe, alimgeukia Rozina kana kwamba yeye ndiye aliyelisema.

Daktari alieleza kwamba mtoto amepungukiwa damu, ataongezewa, lakini kwanza lazima achukuliwe yake kidogo ya kupima. Wakishamtilia damu ya mtu mwingine, zitachanganyika na kipimo kitawadanganya. Dada wa maabara, Silvana, alimchoma mtoto kisigino. Tone moja alilipaka kwenye kioo hivyo hivyo. Tone lingine alilitia dawa, akalifunika, akaziba kingo ili lisipate hewa, akaliweka kando lingoje. Minza, aliyekuwa amemwona mhudumu wa zahanati akimaliza kazi yake kwa mkasi, alishangaa kuona watu wanaongojea damu iseme yenyewe.

Jibu lilipotoka, daktari alikaa nao kwenye benchi. Alisema chembe za damu huwa za mviringo, zinateleza kwenye mishipa bila shida. Za Shedrack zinapinda kama mundu wa kuvunia, zinakwama kwenye vimishipa vidogo vya vidole, na pale zinapokwama ndipo panapovimba na kuuma. Na kwa kuwa zimepinda hazidumu, zinakufa upesi, ndiyo maana damu inaisha. Ugonjwa huo unaitwa sikoseli. Haukuletwa na kamba, haukuletwa na chakula, na haukuletwa na mtu wa nje. Mtoto amezaliwa nao.

"Atapona?" aliuliza Minza.

"Hautoki, mama. Lakini ukishaujua, unaweza kumlinda. Wengi wanakufa kwa sababu hakuna aliyejua."

Minza alijitolea damu palepale. Silvana akampima kwanza, akarudi anatikisa kichwa: ya mama ikifunikwa nayo inapinda kidogo. Yeye haimdhuru, lakini haifai kumtilia mtoto ambaye tayari anayo ya kupinda. Ndipo Rozina akakunja mkono wa blauzi, akasema wampime na yeye, ingawa anadhani kwa umri wake damu imeshageuka togwa. Silvana alicheka. Alimpima hiyo na magonjwa mengine yote yanayopimwa kabla ya kutoa damu, na damu ya Rozina ilikuwa safi, ikafunikwa na kungojewa, haikupinda, na kundi lake likaenda na la mtoto. Mchana ule ikaingia kwa mtoto tone baada ya tone, na kufika jioni midomo ya Shedrack ilikuwa na rangi ambayo mama yake alikuwa amekwisha kuisahau. Alinyonya. Akashiba, akalala. Minza alikaa amemtazama mtoto, akimtazama tena Rozina, asijue aanze na neno lipi, na mwishowe akafua khanga ya Rozina, maana ndicho kitu alichokiona mbele yake.

*

Kashinje alipanda na lori la pili. Alikuwa amerudi nyumbani na jibu la mganga akakuta nyumba tupu, na majirani wakamwambia mkewe kaondoka na nani. Jibu lenyewe lilikuwa hili: anayemmaliza mtoto ni mwanamke asiye wa ukoo, ambaye humshika mikono. Anamnyonya damu kwa kupitia vidole. Kashinje hakuhitaji kutajiwa jina. Alipita kwanza kwa Mzee Mboje, mkubwa wa sungusungu wa pale, akashtaki, na mzee akaitisha mkutano wa Jumapili. Kila mtu Kaoze alijua mkutano kama huo huishaje. Mtu hatapewa moto, hatapewa maji, hatasalimiwa, na akichelewa kuhama, wapo ambao hawatangoja ahame.

Aliingia wodini na vumbi lake la safari. Kitu cha kwanza alichokiona ni Rozina amekaa pembeni ya kitanda, ameshika mikono ya Shedrack.

Alimwambia amwachie mtoto. Akasema na yale mengine yote, ya mganga, ya vidole, ya mkutano, na wodi nzima ikasikia, wenye wagonjwa wakaacha kukoroga uji. Rozina aliilaza mikono ya mtoto juu ya blanketi, mmoja mmoja, taratibu, akasimama, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na mtu wa nyumbani kwake.

Minza hakuwa na desturi ya kumjibu mumewe mbele za watu. Siku hiyo alijibu, na hakupandisha sauti.

"Unasema anamnyonya damu. Ile chupa iliyoning'inia pale, Baba Shedrack, ilikuwa imejaa. Ni damu yake yeye. Ya kwangu wameikataa."

Kashinje alitazama chupa. Alitazama plasta kwenye mkono wa Rozina. Akatoka nje.

Daktari Flavian alimkuta kwenye veranda, akamwomba naye apimwe. Kashinje akakataa, akasema yeye mzima, anachunga mchana kutwa, na hajawahi kulazwa. Daktari hakumkemea wala kumwita mshamba, na huenda hicho ndicho kilichomlegeza, maana alikuwa amejiandaa kwa matusi na matusi hayakuja. Akatoa kidole. Walingoja. Kisha Silvana akamwita aje achungulie mwenyewe kwenye darubini.

Kioo cha kwanza kilikuwa cha mtoto. Kashinje alifumba jicho moja kama alivyoelekezwa, akaona vitu vidogo vya mviringo, na katikati yake vingine vyembamba, vimepinda, vina ncha.

"Hiyo haina dawa wala haijafunikwa. Imepinda yenyewe," alisema daktari. "Sasa tazama hii. Hii tuliifunika ikakosa hewa, ndipo ikapinda. Ni ya kwako. Ya mama yake ni hivyo hivyo. Ninyi mnatembea nayo miaka yote hamuumwi. Mtoto amechukua kwako na kwake, kote kuwili, ndiyo maana yeye anaumwa."

Kashinje hakuinua kichwa upesi. Alipoinua, aliuliza kwa sauti ndogo:

"Na yule wa Maswa?"

"Yule sikumwona, baba. Siwezi kumsemea mtoto ambaye sikumpima. Mama yake ameniambia naye alivimba mikono."

Kashinje alikaa kwenye stuli ya Silvana bila kukaribishwa. Aliukumbuka uvimbe ule. Aliukumbuka vizuri kabisa, na alikumbuka pia kwamba wakati ule walikuwa hawajaijua njia ya kuja Rukwa, seuze huyu mama.

Walipotolewa hospitali, daktari aliwapa vidonge vya kumsaidia mtoto kutengeneza damu, kimoja kila siku, na vya kumkinga na malaria. Aliwaambia wampe maji mengi, wasimwache apigwe na baridi. Na kila asubuhi, kabla ya jambo lolote, mtu amshike mikono na miguu asikilize kama ina joto au imeanza kutuna, na abonyeze tumbo kushoto, penye bandama, kama alivyowafundisha. Wakiona mabadiliko wasingoje kesho. Minza aliyarudia maneno hayo mpaka daktari akatabasamu. Kisha Minza akapiga magoti akamshukuru, akamshukuru na Silvana, akamshukuru hata mfagiaji aliyekuwa anapita na ndoo yake, ambaye aliitikia bila kujua ameshukuriwa kwa lipi.

Lakini Rozina hakupanda lori la kurudi. Alisema atabaki Chanji kwa binti yake Redempta. Hakulalamika. Alisema tu kwamba Jumapili iko karibu.

*

Mkutano ulijaa. Ulikuwa wa kumhukumu mtu, na mikutano ya aina hiyo haikosi watu. Mzee Mboje alimwita mshtaki aseme, na Kashinje akasimama mbele ya wanaume wenzake wenye mikuki na fimbo, watu aliokuwa amewaendea mwenyewe. Alisema anaifuta kesi, kwa sababu ugonjwa wa mwanawe umetoka kwenye damu yake yeye na ya mkewe. Ameiona kwa macho yake.

Minong'ono ilianza. Mmoja alicheka, akasema basi nyumba ile watu wasiombe mke wala wasipeleke mke. Kashinje alimeza hilo. Wiki moja nyuma angemtafuta mtu huyo kwa fimbo.

"Kwa hiyo mganga alisema uongo?" aliuliza Mzee Mboje.

"Mganga hakuniuliza habari za mtoto wa kwanza, babu. Daktari aliuliza. Yule wa kwanza alivimba mikono hivi hivi, tukamzika Maswa, na huko Maswa Rozina hakuwepo. Mimi nililijua hilo tangu zamani na bado nikaja hapa kumshtaki. Na sasa mwanangu anapumua kwa damu ya huyo mama. Nikinyamaza, mtamfukuza bure, na mimi nitakuwa nimelipa wema kwa mawe."

Mzee naye alikuwa na wajukuu, na mmoja wao alikuwa analialia viungo vinamuuma tangu masika. Mwishowe akasema mama wa watu arudi kwake, na aliyemkimbiza ndiye akamrudishe. Mkutano ukavunjika, na watu wakaondoka pole pole, wengine wakiwa hawajaridhika. Mzee Mboje alimvuta Kashinje pembeni, akamuuliza hiyo darubini iko jengo gani.

*

Kashinje alikwenda Chanji na kibuyu cha samli. Alimkuta Rozina dukani kwa Redempta akipepeta ulezi. Alimwamkia shikamoo, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, na yale maneno aliyoyapanga njia nzima yakampotea. Akasema tu kwamba alimkosea, tena mbele za watu, na kwamba mkutanoni ameyasema yote mbele za watu vilevile.

Rozina aliendelea kupepeta. Kisha akasema atarudi, maana mahindi yake lazima nyani wameshayafanya ya kwao.

Akarudi kweli. Ila alirudi mtu mwingine. Asubuhi alikuwa akipita, anasalimia kutoka njiani, mikono ameikunja ndani ya khanga. "Umeamkaje, mzee?" alimwita Shedrack kwa mbali, na mtoto akimrushia mikono, yeye anacheka kidogo, anaenda zake. Minza alimkaribisha mara kadhaa, na kila mara Rozina alikuwa na haraka ya shamba. Minza alilia jikoni. Mtoto alikuwa na vidonge, alikuwa na maji, alikuwa na rangi, na kuna kitu bado alikuwa ameporwa.

Kashinje aliyaona hayo kwa siku kadhaa. Halafu asubuhi moja, kabla ya kufungulia ng'ombe, alimchukua Shedrack, akavuka naye mpaka uani kwa Rozina. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani walipunguza mwendo, na yeye akangoja wawe karibu wasikie.

"Mama, daktari alisema ashikwe mikono kila asubuhi, asikilizwe joto. Mimi mikono yangu imejaa sugu za fimbo, sisikii kitu. Minza naye anatoka kwenye moto, kwake kila kitu kina joto. Nimekuja unishikie."

Rozina alimtazama. Aliwatazama na wale wanawake. Kisha akaifungua khanga polepole, akatoa mikono yake, akaifuta kwenye sketi ingawa haikuwa na uchafu, akaipokea ile midogo. Aliishika kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusikia joto, na macho yake yakalowa. Akashika na miguu. Akabonyeza tumbo upande wa kushoto, kama alivyomwona daktari akibonyeza.

"Haina joto," alisema. "Iko vizuri."

"Asante, mama," alisema Kashinje. Akakaa kidogo zaidi, akamwomba amwangalie mtoto tena, halafu akaenda kufungulia ng'ombe.